Umekataliwa zabuni ya Leta (serikali): ulalamike ao unyamaze?

(Wanaozungumza ni watu wa Lubumbashi, Kongo; Kampemba, Katuba, Kenya na Ruashi ni mitaa ya mji huo.)

Muuzaji wa Kampemba: Tulitoa bei ya vitanda na mashini za oksijeni kwa hospitali moja ya serikali. Tumekataliwa eti ukurasa mmoja hauna muhuri, na aliyeshinda bei yake iko juu. Sheria ya marshe (mikataba ya manunuzi) ya Leta ya Aprili 2010 inaruhusu kulalamika kwanza kwa ofisi iliyotangaza, halafu kwa ARMP, ofisi inayosimamia marshe za Leta. Nyinyi mungefanya nini?

Muuguzi wa Katuba: Mukigombana, mgonjwa analala chini. Na wengi wenu munanunua vitu Kasumbalesa, mpakani na Zambia, munaweka bei ya Ulaya.

Muuzaji wa Kampemba: Mama, hapo umetutukana. Lubumbashi hii inakula, inavaa na kujenga kwa mizigo inayopita Kasumbalesa, kutoka Durban na Dar es Salaam. Mpaka ndio umekuwa wizi?

Muuguzi wa Katuba: Sisemi barabara, nasema mali! Tuliletewa mashini, ikakufa mapema, vipuri hakuna. Mbele ya familia tulisimama sisi, muuzaji simu imezimwa.

Kijana wa Kenya: Shida ni wageni. Sheria ya 2017 si imesema marshe zote ni za kampuni za Wakongomani?

Mzee wa Ruashi: Kijana, umechanganya. Ile ya Februari 2017 ni ya kandarasi ndogo, yaani kazi ambayo kampuni binafsi, kama ya migodi, inapatia kampuni nyingine, na msimamizi wake ni ofisi ingine, ARSP. Usilete mgodi ndani ya wodi.

Kijana wa Kenya: Anayetetea wageni tunajua anakula wapi.

Mzee wa Ruashi: Nimejaza dosie za Leta miaka mingi, hakuna mgeni aliyenilisha. Chunga mdomo. Wewe wa Kampemba, soma tangazo. Kama lilidai muhuri kila ukurasa, umeshindwa. Kama halikudai, andika leo, uombe sababu kwa maandishi. Muda wa kulalamika ni mfupi.

Muuzaji wa Kampemba: Asante, Mzee. Bei ya juu isipoulizwa sasa, itaulizwa lini? Ile kesi ya visima vya maji, 2024, waziri wa zamani amefika Korti ya Kasasioni, korti ya juu, pesa nyingi zikiwa zimekwisha kutoka.

Kijana wa Kenya: Mzee hajajibu kuhusu wageni.

Muuguzi wa Katuba: Na mimi sijajibiwa. Ukishinda, fundi wa hizo mashini atakuwa hapa Lubumbashi ao tutamtafuta Kasumbalesa?