Naombeni ushauri: ziara ya siku moja Chichén Itzá na kuogelea kwenye senote, niende au nisiende?

TangaKwetu (mleta uzi)
Wakuu, habari za jioni. Niko Houston. Mwezi ujao tunakwenda Cancún, Meksiko, mimi, mchumba wangu na dada yake. Mchumba ameshalipia ziara ya siku moja yenye mwongoza watalii. Basi linatuchukua hotelini asubuhi, tunaona magofu ya Wamaya pale Chichén Itzá, kisha tunaogelea kwenye senote, yale mashimo makubwa ya mawe yenye maji chini. Baadaye chakula na kuzunguka kidogo mji wa Valladolid, usiku tunarudi.

Shida yangu ni hapo kwenye maji. Senote yenyewe inaitwa Ik Kil. Nimeangalia picha zake mpaka usingizi umenipaa. Kutoka ukingoni mpaka majini ni kama mita 26, unashuka kwa ngazi za mawe zilizolowa, na kina cha maji kinapita mita 40. Naomba kujua: mtu anaweza kwenda ziara hiyo akaruka sehemu ya kuogelea bila kuwaharibia wenzake siku? Na kwa mliofika, kila mtu analazimishwa kuingia? Naombeni ushauri wa kistaarabu, matusi hapana.

Mjomba Sefu
Ngoja waje wataalamu. Mimi nauliza tu, viza ya Meksiko mnapataje mkiwa Marekani?

Mama Wawili
Dada, hakuna anayekulazimisha. Tulikwenda na wanangu mwaka juzi, nusu ya basi walibaki juu wanapiga picha. Kama hujui kuogelea wala usione haya, jaketi okozi ni lazima kwa kila anayeingia. Ila ujue utaoga kwanza bombani kabla ya kushuka, maana hawataki mafuta ya jua yaingie kwenye maji. Maji ni baridi kidogo, mizizi ya miti inaning'inia kutoka juu kabisa mpaka inagusa maji, na visamaki vyeusi vinapita miguuni. Mwanangu mdogo alipiga yowe watu wote wakageuka.

Halafu mkifika Chichén Itzá, simameni mbele ya ngazi za piramidi ya Kukulkán mpige kofi moja. Mwangwi unarudi kama mlio wa ndege, wenyewe wanasema ni quetzal. Wanangu walipiga makofi mpaka mwongozaji akawaomba waache ili aendelee kuzungumza. Chukueni kofia na maji, kile kiwanja hakina kivuli.

Ngosha Halisi
Kilwa Kisiwani umefika? Hujafika. Kilwa iliingia kwenye urithi wa dunia mwaka 1981, hao Chichén Itzá wakaingia 1988. Tuna magofu yetu yanaota nyasi, nyie mnapeleka dola kwa Wamaya.

Mtumishi Mnyenyekevu
Binti, hayo maji watu walitolewa kafara humo. Watoto, watu wazima, dhahabu, vyote vilitupwa. Huo woga unaousikia si bure, roho yako inakataa. Sikiliza moyo wako.

Mwalimu Chaki
Mtumishi, unachanganya. Shimo la kafara ni Cenote Sagrado, lipo ndani ya eneo la magofu upande wa kaskazini, na hakuna anayeruhusiwa kuogelea humo. Mwaka 1904 Mmarekani Edward Thompson alianza kulipekua kwa mashine, akatoa mifupa, dhahabu na vito vya kijani. Ik Kil ni sehemu nyingine, kilomita chache kutoka hapo.

Na tusiwaonee Wamaya. Kaskazini mwa Yucatán ni nchi ya mawe ya chokaa, mito ya juu ya ardhi karibu hakuna. Mvua inapenya mwambani, maji yanatembea chini kwa chini, na paa la pango likiporomoka ndipo mnapata senote. Hayo ndiyo yalikuwa maji yao ya kunywa, miji ikajengwa kuyafuata. Na Wamaya hawajaisha, wapo mpaka leo na lugha yao wanazungumza. Huyo dereva wa basi lenu anaweza kuwa Mmaya.

Mleta uzi, piramidi usitegemee kupanda, miaka mingi sasa ni marufuku. Ila mwambie mwongozaji awahesabie ngazi: kila upande 91, pande nne, ukiongeza ya juu kabisa unapata 365, siku za mwaka.

TangaKwetu
Asanteni sana wote. Mjomba Sefu, mwenye viza hai ya Marekani au makazi ya kudumu haombi viza ya Meksiko kwa matembezi, anaonyesha hiyo. Mimi nina makazi.

Mama Wawili, kuogelea najua. Nimezaliwa Pangani, mto tulikuwa tunauvuka kwa mashindano. Sio hilo.

Nesi wa Zamu ya Usiku
Sasa hapo mdogo wangu nisaidie. Mtu aliyekua akivuka Mto Pangani anakosa usingizi kwa ajili ya senote yenye jaketi na waokoaji? Kuna kitu hujasema. Una mimba? Moyo? Kuna dawa unatumia?

TangaKwetu
Mimba sina. Naomba turudi kwenye mada, swali langu lilikuwa kama inawezekana kuruka sehemu ya kuogelea.

Nesi wa Zamu ya Usiku
Umeshajibiwa na Mama Wawili kwamba inawezekana. Mbona bado uko hapa? Mada ni hiyo usiyoitaja. Hapa hatukujui jina wala sura.

Mpwa wa Mpemba
Wakati dada anajipanga: chakula cha Valladolid muulizeni mhudumu. Cochinita pibil ni nguruwe, na inanukia vizuri kweli, imepikwa na machungwa machachu ndani ya jani la mgomba. Mwislamu aombe ya kuku, ipo.

TangaKwetu
Haya. Nina kifafa. Kilinianza nikiwa sekondari. Natumia dawa asubuhi na usiku, na mara ya mwisho kuanguka ni mwishoni mwa mwaka jana. Mchumba hajui. Mama yangu alisema hiyo si habari ya kumwambia mwanamume kabla ya ndoa, na mama yangu si mjinga, ameona dada zetu wangapi wameachwa na posa kurudishwa.

Kabla hamjaanza kunisema, nimeshafikiria. Ziara imelipiwa na hela hairudi. Yeye anataka turuke majini tumeshikana mikono, dada yake atupige picha. Nikikataa ataniuliza kwa nini, maana nimeshamsimulia habari za Pangani. Kwa hiyo nimeamua nitaingia, dakika chache tu, na jaketi nimevaa. Na kidonge cha asubuhi siku hiyo nitakiruka, kwa sababu kinanilegeza nasinzia, sitaki nianze kusinzia kwenye ngazi. Nikirudi usiku nitakunywa.

Mtumishi Mnyenyekevu
Nilisema. Nilisema tangu mwanzo. Njoo kwenye maombi, hiyo ni ya kutolewa.

Mama Wawili
Ndoa inayoanza kwa kuficha itaishia kwa kuficha. Wewe fikiria umezaa, umemshika mtoto, ukaanguka, na baba yake hajui hata akukamateje. Mwambie leo hii.

Ngosha Halisi
Dada, nafuta habari za Kilwa. Kaka yangu mkubwa alikuwa nacho. Alikwenda kuoga mtoni jioni, mahali ambapo maji hayafiki gotini, kila siku alikuwa anaoga hapohapo. Tulimkuta kalala kifudifudi. Sabuni ilikuwa juu ya jiwe imelowa povu. Hakuna aliyekuwa naye kwa sababu nyumbani tulikuwa tunaficha, hata jirani aliyepita na ng'ombe dakika chache kabla alidhani anachezea maji. Usiingie.

Nesi wa Zamu ya Usiku
Pole sana Ngosha. Na hilo ndilo jibu, kina si hoja.

TangaKwetu, nakwambia kama ninavyomwambia mgonjwa wangu. Kidonge usiruke. Kuruka dozi ni moja ya vitu vinavyoleta degedege kwa haraka zaidi, na wewe unataka kuiruka siku ambayo umeamka alfajiri, umelala vibaya kwa wasiwasi, umekaa juani saa kadhaa, halafu unakwenda majini. Kama dawa inakulegeza, mpigie daktari wako wiki hii, mwezi mzima upo, anaweza kubadilisha dozi au dawa yenyewe. Usijipangie.

Jaketi linakufanya uelee, lakini mtu aliyepoteza fahamu anaweza kuelea uso ukiwa ndani ya maji. Watu wenye kifafa wanaogelea, sikatai, lakini ni yule aliyetulia na dawa, daktari wake amekubali, na pembeni yake kuna mtu anayejua na anayeweza kumtoa. Wewe huyo mtu huna, kwa sababu umemficha. Akikuona unatapatapa atadhani unacheza, kama yule jirani wa akina Ngosha.

Kachumbari Kali
Jamani mbona mnalia mapema. Hii ni chai, na haina hata tangawizi. Mtu ana mchumba wa kufunga naye safari nje ya nchi, anakunywa dawa kila siku asubuhi na usiku, na mchumba hajaona kidonge? Kwanza weka hiyo ratiba ya ziara hapa tuione.

TangaKwetu
Tunaishi nyumba tofauti. Vidonge viko kwenye chupa ya vitamini. Ratiba nainakili: kuchukuliwa hotelini saa 11 na nusu alfajiri, basi kuondoka saa 12 asubuhi, kuwasili Chichén Itzá saa 1 na nusu asubuhi, lango linafunguliwa saa 2.

Kachumbari Kali
Ndiyo hapo sasa! Cancún mpaka Chichén Itzá ni kama kilomita 200, kila mtu anasema saa mbili na nusu kwa basi. Wewe basi lako linatumia saa moja na nusu. Ni basi au ndege? Uzi ufungwe, mleta mada ametunga kapata wachangiaji.

Mjomba Sefu
Duh. Na mimi nilikuwa nimeshaanza kumwonea huruma.

Ngosha Halisi
Kama ni chai, mleta uzi Mungu anakuona. Mimi jambo la kaka yangu sijawahi kulisema popote.

TangaKwetu
Ngosha, naapa siyo chai. Ratiba ndivyo ilivyoandikwa, sijui kwa nini.

Mwalimu Chaki
Kachumbari, rudi ukae. Cancún ipo jimbo la Quintana Roo, Chichén Itzá ipo jimbo la Yucatán. Quintana Roo walibadilisha saa zao mwaka 2015, wako mbele ya Yucatán kwa saa moja. Ukiondoka saa 12 ukasafiri saa mbili na nusu, saa ya Cancún inasoma 2 na nusu, lakini pale ulipofika ni saa 1 na nusu. Ratiba iko sawa kabisa, na mtunga chai asingejua kukosea hivyo.

Kachumbari Kali
Hilo la saa nimelikubali. La chupa ya vitamini bado nalitafakari. Ila dada, kama ni kweli, pole, na usiingie majini.

Mama Wawili
Hata mimi siku ile nilishangaa simu imerudi nyuma, nikadhani imeharibika.

TangaKwetu
Nesi, sasa hiyo saa moja si itanivuruga dawa? Nimetega kengele ya simu saa 1 asubuhi na saa 1 usiku.

Nesi wa Zamu ya Usiku
Hapana, kuchelewa saa moja hakukudhuru. Saa 1 ya Cancún mtakuwa njiani, kunywa hapohapo kwenye basi ukiwa umekula kitu. Simu ikijirudisha nyuma yenyewe, kengele italia baadaye, kwa hiyo vaa saa ya mkononi iliyobaki kwenye saa za Cancún. Dawa zisiwe kwenye begi la tumboni mwa basi, ziwe kwenye mkoba wako wa mkononi, na dozi ya akiba, mabasi yanachelewa kurudi. Ziache kwenye chupa yake halisi yenye jina lako, uwanja wa ndege hawapendi vidonge visivyo na jina. Usiku wa kuamkia siku hiyo lala mapema.

Na lazima mmoja kati ya hao wawili ajue. Akiona umeanguka: akulaze ubavu, alegeze nguo shingoni, atazame saa, asikutie kijiko wala kidole mdomoni. Ikipita dakika tano apige 911, Meksiko nao wanatumia hiyohiyo. Na ikitokea majini, akishakutoa upelekwe hospitali hata kama unasema uko salama, maji yanaweza kuwa yameingia kwenye mapafu.

TangaKwetu
Nimesoma yote. Daktari nimempigia, nina miadi Jumanne. Kidonge sitaruka. Majini siingii, nitasema nimeingia kwenye siku zangu, hapo hatabisha.

Wifi nitamwambia. Yeye ni mkunga, na tunalala naye chumba kimoja kule. Mchumba bado. Msinilazimishe, posa si yenu, inayorudishwa ni yangu.

Mama Wawili
Ukimwambia wifi umemwambia kaka yake, tofauti ni siku mbili tu. Afadhali asikie kwako.

Ngosha Halisi
Mwache aanze na wifi. Sisi hata huyo hatukuwa naye. Dada, kwenye zile ngazi za kushuka pia shika ukuta, au baki juu, Mama Wawili anasema kuna watu wengi wanabaki.

Nesi wa Zamu ya Usiku
Abaki juu. Andika kwenye karatasi, weka ndani ya kava la simu: "Tengo epilepsia" (Kihispania, yaani nina kifafa), jina la dawa, dozi, na namba ya wifi. Mwonyeshe mwongozaji kabla basi halijaondoka, si lazima mchumba aione.

TangaKwetu
Nimeandika. Jumanne nikitoka kwa daktari nitaleta mrejesho.

Mjomba Sefu
Samahani kurudi nyuma, hiyo viza ya Marekani ikiwa imebakiza wiki mbili kuisha, Meksiko wanaikubali?