Nimeuziwa kamongo kwa jina la sangara, halafu naambiwa nilete ushahidi!

Wakuu, nina hasira hadi vidole vinatetemeka. Jumapili baba mkwe alitutembelea hapa Kampala. Mzee ni wa ukoo wa Mmamba. (Msichanganye na mamba wa mtoni. Mmamba wa Kiganda ni kamongo, na kwao ni muziro, hawamli kabisa.) Nikanunua minofu ya kugandishwa, kilo mbili, lebo imeandikwa sangara waziwazi.

Mke wangu akaikaanga. Sangara tunamjua, nyama nyeupe, ukiigusa tu inaachia. Hii ilijikunja kwenye mafuta, ukitafuna inavutika kama mpira. Mzee akaonja kipande kimoja, akasimama. "Eno mmamba," yaani huyu ni kamongo. Akatoka nje kusukutua. Mezani hakurudi.

Jumatatu asubuhi niko dukani. Muuzaji ananiuliza, "Kichwa kiko wapi? Magamba je?" Jamani, si ninyi mliotoa kichwa na ngozi?

Shemeji yangu anayesoma baiolojia anasema hilo lilishapata jibu tangu 2003, Paul Hebert na wenzake kule Kanada walipoonyesha kwamba kipande kifupi cha jeni moja iitwayo COI, herufi za DNA kama 650 hivi, kinatosha kutenganisha spishi nyingi za wanyama. Kichwa cha nini? Mnofu kidogo tu unatosha, vinasaba vinasomwa, vinalinganishwa na vya samaki wanaojulikana. Hata wa kukaangwa mara nyingi husomeka. Kwa sato chotara kipimo kinaweza kukwama, maana jeni hiyo hurithiwa kwa mama peke yake. Lakini sangara na kamongo? Hao wawili hata ujirani wa ukoo hawana, kamongo anapumua kwa mapafu!

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Mwaka 1999 Ulaya ilipokataa samaki wa Ziwa Victoria kwa sababu ya wavuvi waliovua kwa sumu, tulihangaika na vipimo hadi wakafungua mlango. Mzungu samaki wake anapimiwa. Mimi wangu nimpime kwa ulimi wa mkwe?

Nusu kilo iko kwenye friza, na risiti ninayo. Anayejua maabara hapa mjini inayopokea sampuli ya mtu binafsi aandike hapa, na bei yake. Wa kuniambia "achana nayo" wapite kimya, mke wangu hajaniongelesha tangu Jumapili.