Mashine mpya, feni zinazunguka, kioo cheusi: mpaka lini tutauziwa mazabodi zenye BIOS ya kale?

Wakuu, nina hasira na sitaificha. Nimeunga mashine mpya, kila kipuri kimetoka dukani na boksi lake. Nikibonyeza swichi, feni zote zinazunguka na taa za kasha zinawaka, lakini monita inasema haipati mawimbi, halafu inalala. Nguvu ipo, picha hakuna.

Kabla mtu hajaniambia "angalia kebo", nimeshaangalia. HDMI imechomekwa kwenye kadi ya picha, si kwenye mazabodi (ile bodi kuu inayobeba vipuri vyote), kwa sababu prosesa ni Ryzen 5 5600 ya AMD, ambayo haina sehemu ya kutoa picha ndani yake. Tundu la HDMI la mazabodi hapo ni pambo tu. Kebo ya pini 24 imekaa. Ile ya pini 8 ya prosesa, pale juu kwenye kona ambapo wengi huisahau, nimeisukuma mpaka kishikizo kikalia. RAM ziko kwenye tundu la pili na la nne kutoka kwa prosesa, kisha nikajaribu moja moja. Betri ya CR2032, kile kidonge kinachotunza mipangilio ya mazabodi, nimeitoa na kuirudisha. Mazabodi nimeitoa kwenye kasha nikailaza juu ya boksi lake, isije ikawa kuna skrubu inagusa mahali. Hali ni ile ile.

Jibu lilikuwa pembeni mwa mazabodi. Kuna vitaa vinne vidogo vimeandikwa CPU (prosesa), DRAM (RAM), VGA (kadi ya picha) na BOOT (diski ya kuwashia), kuonyesha mashine inakagua nini inapowaka. Mashine isiyo na hitilafu huvipitia vyote kwa muda mfupi, kisha vinazimika. Yangu inawasha cha CPU na kuganda hapo hapo, chekundu, mpaka nizime umeme. Nikachukua tochi nikasoma kistika cheupe kilichobandikwa juu ya chipu ya BIOS, ile programu ya ndani ya mazabodi inayoamsha mashine, nikalinganisha namba yake na orodha ya prosesa kwenye tovuti ya mtengenezaji. Toleo lililomo ni la nyuma sana kuliko lile lililoanza kuikubali 5600.

Sasa hapa ndipo damu inapochemka. Mazabodi ni ya B450, chipseti (chipu inayounganisha vipuri vya mazabodi) ya mwaka 2018. Ryzen 5000 za kwanza zilitoka mwishoni mwa 2020, na hii 5600 ikatoka 2022. Soketi, yaani tundu la prosesa, ni ile ile ya AM4, kwa hiyo prosesa inaingia na kufungika vizuri kabisa, ila BIOS iliyoandikwa kabla yake haiitambui, na mashine haifiki hata hatua ya kutoa picha. Kabla sijalipa nilimuuliza muuzaji waziwazi: hivi viwili vinaelewana? Akajibu vinaelewana, vyote AM4. Huko ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Anayeuza vipuri kila siku anajua soketi ni nusu tu ya habari; nusu nyingine ni toleo la BIOS.

Niliporudi kulalamika, nikaambiwa eti nimepinda pini. Pini nimezikagua mbele yao, safu kwa safu, zote zimenyooka. Wakahamia kwenye pawasaplai, nunua nyingine. Yaani mteja aendelee kutoa hela mpaka abahatishe, wakati kitaa chekundu kinaonyesha tatizo liko wapi!

Na watengenezaji nao wasijifiche. Zipo mazabodi zenye kitufe cha kusasisha BIOS kwa flashi peke yake: unaweka faili kwenye flashi iliyofomatiwa kwa mfumo wa FAT32, unaunganisha umeme, unabonyeza, bila prosesa wala RAM. Yangu haina. Kitufe hicho huwekwa zaidi kwenye mazabodi za bei ya juu, ambazo wanunuzi wake ndio wenye uwezo wa kupata prosesa ya pili ya kujaribia. Anayejibana kuunga mashine yake ya kwanza ndiye anayekosa njia ya kutokea. Hili linaniuma kuliko hela yenyewe. Basi hata namba ya toleo la BIOS iandikwe nje ya boksi, mtu aisome kabla ya kulipa!

Wenye AM5, soketi iliyofuata AM4, nao wanateswa na ukimya huu huu. Mashine yao, inayotumia RAM za DDR5, ikiwashwa mara ya kwanza inaweza kukaa na kioo cheusi dakika kadhaa huku ikipima RAM. Ni kawaida, mashine ni nzima. Lakini mtu hakuambiwa, anaona giza, anazima, anawasha, zoezi linaanza upya, mwisho anaamini amebambikiwa kipuri kibovu. Kikaratasi kimoja ndani ya boksi kingemaliza yote.

Dukani nimedai kitu kimoja: wachomeke prosesa ya zamani ambayo BIOS hiyo inaitambua, wasasishe BIOS bila kunitoza hata senti, au warudishe hela yangu. Wananizungusha, na mimi siondoki kwenye dai hilo.

Wakati huo huo natafuta kuazima Ryzen ya mfululizo wa 2000 nifanye kazi hiyo mwenyewe. Aliyewahi kufufua B450 kwa njia hiyo aseme: uliruka moja kwa moja hadi toleo jipya, au ulipitia la katikati kwanza? Baadhi ya watengenezaji wanalazimisha hatua hiyo, na BIOS ikifia njiani ndio basi tena.