Naomba ushauri: hukumu niliyoipata mtandaoni si yenyewe

Wanasheria wenzangu, habari za kazi. Naandaa hoja za rufaa ya mirathi, Mahakama ya Rufani, hapa Tanzania. Hukumu ninayoitegemea niliiona kwenye kanzidata moja ya mtandaoni, imewekwa kundi la ardhi, nadhani kwa sababu mali inayogombewa ni shamba. Hilo nililivumilia. Kinachoninyima usingizi ni hiki: ukurasa unasema Rufaa ya Madai na muhtasari unazungumzia mamlaka ya msimamizi wa mirathi, lakini ukifungua faili, juu kabisa imeandikwa Maombi ya Madai. Wadaawa (pande za kesi) ni walewale, ila ni uamuzi wa kuongezewa muda tu chini ya Kanuni ya 10 ya Kanuni za Mahakama ya Rufani, wa jaji mmoja, wala si jopo la majaji watatu. Hukumu yenyewe haimo.

Nimetafuta kwa majina ya wadaawa na kwa namba, sikupata. Wahusika wa kanzidata hiyo nimewaandikia barua pepe mara mbili, kimya.

Naomba kujua: mtu asiye mdaawa anaombaje nakala iliyothibitishwa masjala? Na je, nikikosa nakala, niitaje kwa namba tu au niiache kabisa? Naogopa kumpotosha jaji, na mteja wangu ni mjane.