Kangaga la mapambo limeingia msituni: cordifolia au exaltata?

Mwanabustani
Wakuu, naombeni msaada. Kuna kangaga limetanda chini ya miti kando ya kijito, mita 10 hivi kutoka bustani iliyoachwa. Makuti yamesimama wima, membamba kama upanga, urefu wa sentimita 50 hadi 75. Kwa picha napata majina mawili: Nephrolepis cordifolia na Nephrolepis exaltata. Kama ni la kuletwa nitaling'oa. Nitazame nini?

Jani Bichi
Mkuu, kwa jenasi hii (kundi la mimea jamaa, Nephrolepis) picha ya makuti haitoshi kabisa. Chimba. Chagua shina lililokomaa, ingiza koleo sentimita 10 pembeni yake, linyanyue pamoja na udongo, halafu lisuuze taratibu kwenye ndoo ya maji. Tazama vile vitambaazi vyembamba kama waya. Ukikuta vimebeba viazi vidogo vya mviringo, ukubwa wa gololi, vyenye magamba ya kahawia, hiyo ni cordifolia. Exaltata haina viazi.

Ila usiigeuze kanuni hiyo kinyume: kukosa viazi si uthibitisho kwamba ni exaltata. Mche mchanga huenda haujaweka viazi bado, na ukiuvuta kwa mkono vitambaazi hukatika, viazi vikabaki ardhini. Wengi hukosea hapo.

Lenzi Kumi
Usipoona viazi, nenda kwenye magamba. Chukua kuti lililokomaa lakini si kuukuu, maana magamba hupukutika, na utazame uti wake kwa lenzi ya kukuza mara 10. Cordifolia ina magamba mengi ya rangi mbili: pale gamba liliposhikia pana weusi, kwingine limepauka. Magamba ya exaltata ni machache na yana rangi moja. Tena vijani vya cordifolia, vile vilivyojipanga pande mbili za uti, hubanana, na kila kimoja kina kisikio, yaani kipande kilichochomoza kwenye kitako chake, kinachofunika uti. Kisikio peke yake kisikupe uamuzi.

Na jina tu halimalizi swali lako. Kule Florida exaltata ni mwenyeji na cordifolia ni mgeni vamizi, kwa hiyo kuyachanganya ni kung'oa mmea usio na hatia. Lakini exaltata nayo hupandwa sana vyunguni, na nje ya makazi yake ya asili ni mgeni vilevile. Linganisha na orodha ya mimea ya eneo lako.

Mwanabustani
Nimechimba mashina matatu. Viazi vipo kwenye mawili, na magamba yote yana doa jeusi. Nianzie wapi kung'oa?

Jani Bichi
Basi ni cordifolia. Geuza makuti: kama madoa ya spora (vumbi ambalo kangaga huzalia badala ya mbegu) chini ya vijani yamekuwa ya kahawia, yakate kwanza uyatie mfukoni bila kuyatikisa. Kisha chimba kutoka ukingoni kuelekea katikati, ukichekecha udongo kwa vidole, kwani kiazi kilichosahaulika huchipua. Usitupe chochote kwenye mboji wala kijitoni. Maji yatakipandia mbele. Rudi ukague kila baada ya wiki chache, ung'oe machipukizi kabla hayajatoa vitambaazi vipya.