Unga wa "nano" wa kuua dumuzi: nimepigwa au ni kitu kweli?

Mgogo wa Kibaigwa

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mkulima na dalali mdogo wa mahindi hapa Kibaigwa. Mwaka huu Mungu kajalia, nimeingiza ndani gunia 38: 28 za shamba langu na 10 nilizonunua Kiteto mwishoni mwa Mei. Mwaka jana dumuzi alinitia adabu. Nilifungia gunia 20 nikingoja bei ya Januari, nikaja kufungua nakuta vumbi la unga na punje zimebaki maganda. Hata kuku waliyachagua.

Wiki iliyopita mnadani nikakuta kijana ana meza, ana spika, na pakti nyeupe zimeandikwa NANO kwa herufi kubwa. Anasema ni utafiti mpya kutoka ng'ambo, haina sumu wala kemikali, hata ukiila haikudhuru. Akailamba mbele yetu. Kisha akamimina dumuzi hai kama ishirini kwenye glasi, akawanyunyizia kijiko kimoja, akaendelea kuongea. Mimi nilikuwa na soda mkononi. Soda haijaisha, dumuzi wote chali.

Pakti ya gramu 250 ni shilingi 7,000, na anadai inatosha gunia kumi za kilo mia. Nikanunua mbili. Nimeshachanganya gunia 12, mimi na mama watoto, kwa koleo, kwenye turubai, uani.

Sasa mwenzangu anakohoa tangu Jumapili na macho yanamwasha. Pakti nimeigeuza pande zote: picha ya simba, namba ya simu isiyopokelewa, basi. Hii nano ipo kweli? Na haya mahindi yanalika?

Mzigua wa Korogwe

Mkuu, pole. Mimi sijatumia hiyo ya simba, ila miaka mitatu nyuma nilipata ule unga mweupe wa mwamba, wa halali kabisa, una maandishi yote. Miezi miwili ya kwanza nilitamba kijijini. Vuli ilipoanza, hewa ikawa mbichi, nikasikia ile sauti usiku: krrr, krrr, krrr, kama mtu anakwangua sufuria chumba cha pili. Dumuzi wamerudi kazini kana kwamba hakuna kilichotokea. Tangu hapo unga wowote mweupe nauangalia kwa jicho la pembeni.

Bi Kihenge

Mgogo mwanangu, pole, na mpe pole mwenzio. Mimi nimestaafu. Miaka mingi kazi yangu ilikuwa kuhesabu wadudu wa ghalani, wafu bakuli hili, wazima bakuli lile, mpaka usiku nikawa naota mizani.

Mkeo kwanza. Kesho asubuhi aende zahanati na pakti aibebe mkononi. Asiseme "nilivuta vumbi" tu. Mganga aone kilichoandikwa na kisichoandikwa. Nguo mlizovaa mzifue peke yake. Hilo turubai watoto wasilichezee.

Sasa nano yako. Ndiyo, ni kitu kweli. Gawa milimita moja mara milioni, kipande kimoja ndicho nanomita, na vinavyoitwa nano vina ukubwa wa nanomita 1 hadi 100 hivi. Mwaka 2010 watafiti wa Argentina walichapisha kazi yao: walichanganya ngano na alumina, unga wa madini ya aluminiamu, iliyotengenezwa kwa udogo huo, wadudu wa nafaka wakafa. Mwaka uliofuata watafiti wa India wakafanya hivyo kwa silika, madini yale yaliyomo kwenye mchanga na kioo, wakaua zaidi ya asilimia 90 ya fukusi wa mchele. Hata pumba za mpunga zina silika tele, na wapo wanaotengeneza nano kutokana na majivu yake.

Inavyoua ndiyo unayotakiwa kuielewa, maana ndiyo itakayokuonyesha kama umepigwa. Mdudu wa ghalani hana mtungi. Maji yake anayapata ndani ya punje, na anayafungia mwilini kwa utando wa nta uliompaka mwili mzima. Chembe za silika zinaifyonza ile nta na kuikwangua. Nta ikishatoka, maji yanamtoka taratibu, anakauka kama mahindi yako uani. Hapigwi, anaanikwa. Bibi zetu waliofukia kunde kwenye majivu walikuwa kwenye ukoo huu huu wa dawa, ila chembe zao zilikuwa kubwa.

Mzigua naye amesema kweli bila kujua kwa nini. Ule unga wake wa mwamba nao ni silika. Hewa ikiwa na unyevu, mdudu hakauki. Ndiyo maana unga wa namna hii unapendeza Dodoma mwezi wa nane na unakuaibisha Korogwe wakati wa vuli.

Sasa rudi kwenye soda yako. Kukauka ni kazi ya siku kadhaa, mara nyingi wiki na zaidi. Mimi nimewahi kukaa na dumuzi kwenye unga wa silika siku saba, wa mwisho bado anajikokota. Kijana wako anawaua kabla hujamaliza chupa? Naomba unijibu jambo moja: walikufaje? Walipoa polepole, au waligeuka chali wakirusha miguu?

Na jambo la hesabu. Unga wa aina hii hutumika kwa kipimo cha gramu moja hivi kwa kilo ya nafaka, na dumuzi hudai zaidi ya fukusi, kwa sababu yeye anaishi ndani ya mahandaki yake na vumbi linabaki nje. Gramu 250 kwa gunia kumi za kilo mia ni robo gramu kwa kilo. Kama ingekuwa silika tupu, kwa kipimo hicho dumuzi angejipaka poda tu, aende harusini.

Kijana wa Gilgil

Shikamoo Bi Kihenge. Niongeze kidogo kutoka huku Kenya. Huo unga wa mwamba sisi tunaujua, unachimbwa Kariandusi, hapa karibu na Gilgil. Mlima mzima mweupe kama chaki. Ni maganda ya viumbe wadogo wa majini wa ziwa la zamani, ukitazama kwa hadubini unaona vitu kama vipande vya kioo. Ukiingia kule na shati jeusi unatoka mzee wa mvi.

Dumuzi huku watu wengi wanamwita Osama. Marehemu babu alikuwa anasema huyo mdudu aliingilia upande wa Taveta mwanzoni mwa miaka ya 80, na kabla yake hawakujua mahindi yanaweza kuliwa kwa kasi hiyo. Swali langu kwa Bi: si kulikuwa na mdudu aliyeletwa kumla Osama? Alipotelea wapi?

Bi Kihenge

Marahaba mwanangu. Babu yako alikuwa na kumbukumbu nzuri. Asili ya dumuzi ni Mexico na Amerika ya Kati. Afrika alionekana kwanza kwetu, Tabora, mwanzoni mwa miaka ya 80, na wakulima wengine wakamwita Scania, kama lile lori, kwa jinsi anavyobeba mzigo. Vipimo vya wakati ule vilikuta baadhi ya maghala yamepoteza hadi asilimia 34 ya uzito wa mahindi kwa miezi michache.

Huyo adui yake yupo, ni mdudu mweusi mdogo, aliachiwa Togo mwaka 1991 na Kenya mwaka 1992. Bado anawinda. Lakini dumuzi anazaliana hata porini kwenye miti mikavu, na kwenye kihenge chako mwindaji hafiki kwa wakati. Anapunguza, hamalizi.

Mgogo wa Kibaigwa

Shikamoo mama. Mke amekwenda zahanati, wamemsafisha macho na kumpa dawa, wamesema arudi Ijumaa. Amenuna lakini anapumua vizuri.

Swali lako limenikosesha usingizi. Waligeuka chali. Miguu ilikuwa inapiga hewa kama mtoto anayekataa kuogeshwa, halafu wakatulia. Nilikumbuka vizuri kwa sababu tulicheka.

Bi Kihenge

Basi umejijibu. Huko si kukauka. Kuchapa miguu hivyo ni mishipa ya fahamu imeguswa, na hiyo ni kazi ya kiuatilifu cha kawaida. Kwa jinsi ulivyoniambia, mimi nasema ndani ya ile pakti kuna sumu ambayo haikuandikwa, na nano ni nguo iliyovishwa.

Usinielewe vibaya, mimi si adui wa viuatilifu. Ile Actellic Super tunayoijua ina dawa mbili kwa sababu ya maana: moja inammudu fukusi lakini dumuzi anaichezea, ya pili inammudu dumuzi lakini fukusi anaichezea. Jina la dawa limeandikwa, kipimo kimeandikwa, siku za kusubiri kabla ya kula zimeandikwa. Hiyo ya simba hujui ni dawa gani, hujui ni kiasi gani, hujui kama ni ya nafaka au ya pamba. Kulamba si kipimo. Sumu nyingi hazimwangushi mtu kwa ncha ya ulimi.

Kwa hiyo gunia 12 zitenge. Usile, usiuze, usimpe kuku. Kuosha na kupepeta kunapunguza, hakumalizi. Pakti iliyobaki usiitupe, ipeleke kwa afisa ugani ikiwa imefungwa ndani ya mfuko mwingine, aifikishe kwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA. Na usikubali mtu akuuzie vile vidonge vya gesi "kumalizia kazi" kwenye nyumba mnayolala. Gesi ile imeua familia nzima ndani ya usiku mmoja, haina huruma.

Hata silika halali si ya kuvuta. Ile ya kawaida inakera kifua. Ikiwa ya fuwele, au majivu ya pumba yaliyochomwa kwa moto mkali mno, inaharibu mapafu moja kwa moja. Wazungu wenyewe wanarudi nyuma kwenye haya mambo ya chembe ndogo: rangi nyeupe ya chakula iliyoitwa E171 waliila miaka mingi, mwaka 2021 wataalamu wao wakasema hawawezi tena kuihesabu salama, 2022 ikapigwa marufuku Ulaya. Sijali nano inafanya nini kwenye karatasi. Nataka kujua inaingia wapi mwilini kwa mama anayechanganya kwa koleo.

Gunia 26 zilizobaki tafutia mifuko ya PICS. Ni ya plastiki mbili ndani na kiroba nje. Ukiifunga vizuri, wadudu wanavuta hewa yote iliyomo wenyewe, wanakosa pumzi. Wazo lilianzia kwenye kunde za Cameroon, huko miaka ya 80. Hakuna unga, hakuna kulamba.

Lakini usifunge kabla ya kupima unyevu. Chukua chupa ya kioo kavu yenye kifuniko, weka mahindi robo yake na kijiko cha chumvi kavu. Tikisa dakika kadhaa, iache itulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, hayajakauka. Ukifunga mahindi mabichi unafuga ukungu, na ukungu ndio unaoleta sumukuvu. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu 20 Dodoma na Manyara, huko huko kwenu na huko ulikonunua. Hakuna nano inayoitoa hiyo.

Mzigua wa Korogwe

Bi, mimi nilifunga PICS mwaka jana. Niliona dumuzi wametoboa plastiki ya ndani nikadhani nimeliwa. Kumbe walikufa wakiwa na vichwa kwenye matundu. Nimeacha mmoja kwenye dirisha kama ukumbusho.

Bi Kihenge

Huyo ndiye dumuzi ninayempenda.

Mgogo wa Kibaigwa

Wakuu, narudi na mrejesho, wiki tatu zimepita.

Nilifanya jaribio langu kwa ukaidi wangu, nje, mbali na jiko. Chupa tatu za kioo, mahindi ya aina moja, dumuzi kumi na fukusi kumi kila moja. Ukitaka kuwatofautisha, fukusi ana mkonga mbele. Dumuzi kichwa kimejificha chini na nyuma amekatika wima kama penseli iliyokatwa. Ya kwanza bila kitu, kitambaa mdomoni. Ya pili majivu ya jikoni yaliyochekechwa. Ya tatu nimeijaza hadi juu na kuikaza kifuniko, sikuifungua. Unga wa simba sikuugusa tena.

Bila kitu: wote hai, na chini kuna unga wa kutosha kuandika jina kwa kidole. Majivu: fukusi saba wamekufa, dumuzi wawili tu. Iliyokazwa: wote kumi na kumi wamelala, na unga chini ni kidogo sana.

Afisa ugani amechukua pakti, amenisainisha karatasi, majibu bado. Mnadani yule kijana haonekani. Wanasema amehamia mnada mwingine na sasa anauza dawa ya meno. Gunia 12 ziko chumba cha uani. Mke ameandika mlangoni kwa mkaa USIGUSE, na chini yake, kwa herufi ndogo, HATA WEWE.

Bi Kihenge

Jaribio zuri, ila wadudu kumi ni wachache. Safari nyingine hamsini, na chupa mbili mbili. Chumvi je?

Mgogo wa Kibaigwa

Za shambani kwangu chumvi imeshuka yote chini. Zile kumi za Kiteto imeganda kwenye kioo.

Bi Kihenge

Turubai. Leo, jua halijapanda. Na lisiwe lile la unga.