Faili la kikundi lilituambia hakuna anayedaiwa. Mtaalamu, rudisha laki na nusu yetu!

Wakuu, nimekaa na hili jambo wiki nzima, leo nimeona nilitapike hapa, maana likibaki kifuani nitakuja kumtukana mtu kikaoni.

Mimi ni mhazini wa kikundi cha kuweka na kukopa huku Mbagala. Tuko 28, tunakutana kila Jumamosi, tunanunua hisa, tunakopeshana. Miaka minne tumetumia kaunta buku: jina, kiasi, tarehe ya kuchukua, tarehe ya rejesho, sahihi. Aliyechelewa namzungushia duara kwa peni nyekundu, faini elfu tano, maisha yanaendelea. Novemba mwaka jana mwenyekiti akaja na habari za kwenda kisasa. Ana mpwa wake, mtaalamu wa Excel. Tukatoa laki moja na nusu kwenye mfuko wa kikundi, kijana akatuletea faili.

Lilipendeza, hilo simnyimi. Jina la kikundi juu kwa herufi nene, kijani kwa asiye na tatizo, nyekundu kwa aliyechelewa, mpaka picha ya mikono inayoshikana. Akaniambia, "Dada mhazini, wewe kazi yako kufungua tu, tarehe zinajihesabu zenyewe."

Zikajihesabu kweli. Kuanzia Novemba mpaka Mei hatukuona mstari mwekundu hata mmoja. Kijani tupu kama mashamba ya mpunga ya Kilombero. Mwenyekiti akawa anatamba kikaoni kwamba tangu twende kidijitali nidhamu imepanda. Mimi nikawa na kijiwasiwasi: mbona nidhamu imepanda halafu sanduku jepesi?

Tarehe 17 Mei nikaprinti orodha ya kikao. Nilikuwa bado nina karatasi ya tarehe 3, nimefungia vitumbua. Nikazilaza pamoja mezani. Kijana mmoja wa bodaboda, mkopo wa Desemba, karatasi ya kwanza inasema rejesho lake mwisho tarehe 2 Juni. Ya pili inasema tarehe 16 Juni. Mtu yule yule, mkopo ule ule! Nikashuka chini mstari kwa mstari, wote wamesogezwa siku 14. Nikafungua kompyuta, nikabonyeza seli, yaani kile kisanduku chenye tarehe ya rejesho, nikatazama juu kwenye mstari wa fomula:

=TODAY()+30

Basi. Hiyo ndiyo laki na nusu.

Kwa wasioelewa hasira yangu: TODAY() maana yake ni leo, na leo yake ni ile siku unayofungua faili, siyo siku mtu aliyochukua hela. Ukifungua Jumatatu, deni linaiva siku 30 kutoka Jumatatu. Ukifungua Jumanne, linasogea. Mnajua yale maduka yaliyobandika "Leo taslimu, kesho mkopo"? Sisi tuligeuza, tukabandika "Leo mkopo, kulipa kesho". Na kwa vile rangi nyekundu iliambiwa iwake tarehe ikishapitwa na leo, ingewakaje? Ilikuwa inamfukuza mtu anayekimbia mwendo ule ule.

Nikampigia. Mnajua alinijibu nini? "Sista, hiyo ndiyo automatiki yenyewe, inajiapdeti." Nikamwambia mdogo wangu, deni halijiapdeti, deni linalipwa.

Akarekebisha, akatuma toleo jipya kwa kikao cha tarehe 24. Safari hii fomula ni =B2+30, B ikiwa tarehe ya kuchukua mkopo. Afadhali, inahesabu kutoka mahali panapoeleweka. Nyekundu zikawaka usiku mmoja: watu 11 wana marejesho yaliyolala, mmoja hajagusa tangu Desemba. Lakini hakukumbuka kuna wanachama ambao hawajakopa kabisa, kwao B iko tupu. Excel inahesabu tarehe kama idadi ya siku, 1 Januari 1900 ni namba 1, na 1 Januari 2025 ni namba 45658. Seli tupu kwake ni sifuri. Sifuri jumlisha 30 ikatoa 30/01/1900. Hivyo mama wa watu aliyejiunga mwezi uliopita, hajakopa hata shilingi, faili linamwonyesha amechelewa siku 45,771. Yaani anadaiwa tangu kabla Mjerumani hajaanza kujenga reli ya kati. Kikao kizima kilicheka. Mimi sikucheka, mimi ndiye niliyeshika karatasi.

Na hata hiyo siku 30 siyo katiba yetu. Katiba inasema rejesho ni tarehe ile ile uliyochukulia, mwezi unaofuata. Tulitoa mkopo wa dharura Ijumaa ya 31 Januari. Ukijumlisha 30 unaangukia 2 Machi. Februari imerukwa kama dimbwi la maji machafu. Nikamwambia, akabadilisha akaweka EDATE, ambayo inahesabu miezi badala ya siku. Hapo nikamshukuru, nikadhani tumemaliza. Kumbe kila rejesho amelihesabu kutoka rejesho lililotangulia. 31 Januari ikazaa 28 Februari, sawa, mwezi umeishia hapo. Lakini 28 Februari ikazaa 28 Machi, ikazaa 28 Aprili, na 31 haikurudi tena. Mwanachama ameporwa siku tatu na anakaribia kupigwa faini tarehe 29 wakati muda wake haujaisha.

Hilo nilirekebisha mwenyewe, usiku, watoto wamelala. Kila rejesho likahesabiwa kutoka tarehe ya kwanza: =EDATE($B2,1), linalofuata =EDATE($B2,2), na kuendelea. Ikatoa 28 Februari, 31 Machi, 30 Aprili, 31 Mei. Na wale wasiokopa: =IF($B2="","",EDATE($B2,1)). Tupu ibaki tupu. Sikusoma kompyuta popote, nilikaa na chai na karatasi. Yeye aliyelipwa alishindwa nini?

Sasa jambo lililonitoa machozi. Kikao cha 31 Mei, mama mmoja muuza vitumbua, mtu mzima, tangu tuanze kikundi hajawahi kuchelewa hata siku moja. Mstari wake mwekundu: amechelewa siku 56. Vijana wa nyuma wakaanza kunong'ona. Nikamtajia faini mbele za watu. Akaniangalia, akasema taratibu, "Mwanangu, mkopo nimeuchukua mwezi huu huu. Nimechelewaje mwezi wa nne?"

Nikakosa pa kuweka uso. Mkopo wake ni wa tarehe 3 Mei. Mwenyekiti aliandika 03/05/2025 kwenye kompyuta ya kikundi, na ile kompyuta imewekwa mtindo wa Marekani, mwezi unatangulia siku. Ikasoma 5 Machi, rejesho la kwanza likawa 5 Aprili. Haikulalamika wala kuuliza. Tarehe kama 17/05 angalau inagoma, kwa sababu hakuna mwezi wa 17. Inabaki maandishi, inaegemea kushoto mwa seli, na fomula inatoa #VALUE!, alama ya kosa. Ila zote ambazo siku haizidi 12 zinapinduliwa kimyakimya na zinaonekana halali. Nilipitia kaunta buku na faili kwa pamoja nikakuta mikopo sita imepinduliwa. Sita! Nimebadilisha mipangilio ya kompyuta, na tangu siku ile naandika mwezi kwa herufi, 3-May, hapo haina pa kukosea.

Mama nilimfuata kwake jioni kumwomba radhi. Alinipa vitumbua. Nilijisikia vibaya zaidi.

Sasa mgogoro uliopo: wale 11 hawataki kulipa faini za miezi sita. Wanasema faili lenyewe liliwaonyesha kijani, na meseji nilizowatumia zilitaja tarehe za mbele. Wana hoja, na ndiyo inayoniuma. Mwenyekiti anataka tuzidai. Mpwa wake anadai elfu hamsini nyingine ya "matengenezo". Matengenezo ya nini? Nirudishiwe hela ya kikundi.

NYONGEZA (jioni): Nimesoma mliyoandika. Anayesema ni uzembe wa mhazini, sikatai, ningebonyeza seli moja tu mwezi wa kwanza tusingefika hapa. Aliyeuliza namna ya kuweka tarehe ya leo isisogee: shika Ctrl na nukta mkato, inaandikwa na kubaki hivyo hivyo. Mnaoshauri WORKDAY ili rejesho likiangukia Jumapili au sikukuu lisogee, nimeijaribu, ni nzuri, lakini orodha ya sikukuu unaiandika wewe mwenyewe, na Idi inangoja mwezi uandame. Na kwetu watu wanatuma kwa simu hata Jumapili, kwa hiyo nimeiacha.

Kuhusu faini, kikao ni Jumamosi saa tisa. Nitapendekeza zisamehewe zote mpaka tarehe 17 Mei, kisha tuanze upya. Kaunta buku nimelirudisha mezani, na safari hii naandika tarehe kwa peni kwanza, kompyuta baadaye. Mwenyekiti hajapenda.